Nilimbadilishia mama madirisha ya fiberglass kule Chole, nikamuuliza kila mtu isipokuwa yeye

Wakuu, kwema huko mliko?

Huu uzi nimeuandika nikaufuta, nikauandika tena nikaufuta. Leo nauweka kama ulivyo. Sina bidhaa ninayouza, sina fundi ninayempigia debe, na chumvi sijatia. Ni mambo ya nyumbani kwetu, na mengine yanaendelea chumba cha pili hapa wakati naandika.

Kilichonisukuma ni lile swali linalorudi humu jukwaani kila baada ya muda: "Wadau, nabadilisha madirisha, niweke aluminium, mbao, au hizi fiberglass zinazosifiwa siku hizi?"

Jibu langu ni kwamba fiberglass ni nzuri. Sifa zote mnazozisikia ni za kweli.

Sasa kaeni niwaambie kwa nini natamani nisingeziweka.

Mimi nakaa Picha ya Ndege, Kibaha. Mume, watoto wawili, kazi yangu ya ofisini ipo hapa hapa Kibaha, kwa hiyo zile shida zenu za kuamkia Dar alfajiri mimi sizijui. Ila kwetu hasa ni Chole. Chole ya Kisarawe jamani, siyo kile kisiwa cha Mafia. Kila nikitaja kwetu mtu ananiuliza habari za papa potwe. Sisi ni watu wa mihogo na korosho, bahari tunaisikia kama nyie.

Mama yangu anaishi kule. Aliishi kule, niseme hivyo.

Baba alishatangulia mbele za haki. Alituachia nyumba ya tofali za kuchoma na bati, imara tu, na madirisha aliyachonga mwenyewe. Mbao alizifuata Vihingo enzi hizo, mti wa mkongo mtupu, mgumu kama chuma. Madirisha yale ya kizamani mnayoyajua: ndani nondo, halafu mbao mbili zinazofunguka kwa nje, unazisukuma zinakwenda kugonga ukuta. Hakuna kioo wala wavu.

Mbao zenyewe zilikuwa nzima. Ila fremu mchwa walishaingia, hasa ile ya chumbani kwa mama. Masika mvua ikija upande ule inaingia hadi kitandani. Kiangazi mbao zinakauka, zinaacha mianya, mbu wanapita kama wameitwa. Mama akawa kila nikimpigia ana homa. Nikienda nakuta kajifunika kanga mbili mchana wa jua.

Kwa hiyo msije mkanihukumu kwamba nilitaka ufahari. Nilianza kwa nia njema kabisa.

Tatizo langu mimi nikishika jambo nalishika na meno. Mume wangu analijua hilo, huwa ananiacha nichoke mwenyewe. Nilisoma nyuzi zote za humu kuhusu madirisha. Nilizunguka maduka ya Kibaha, nikaenda hadi Dar kushika fremu kwa mkono wangu. Hapa kwangu Picha ya Ndege nina aluminium, na mchana ukiigusa fremu yake unaunguzwa. Zile za plastiki niliziona zingine zimeanza kupauka kwenye jua zikiwa bado nje ya duka.

Fiberglass ikanikamata. Haivimbi kwa mvua, haishiki joto, mchwa hawana habari nayo, rangi inakaa. Inafunga kiasi kwamba vumbi la barabarani linabaki barabarani, na kelele hazipiti.

Kelele hazipiti. Hiyo niliipenda sana. Mkumbuke hapo.

Halafu nikafika kwenye vioo, na hapa ndipo nilipojiona mjanja. Mama anaishi peke yake, chumba chake kimepakana na njia ya watu wanaokwenda bombani na mashambani. Nikasema hapana, mama yangu hawezi kukaa anachunguliwa. Nikachagua kile kioo cha one way, ukiwa ndani unaona nje vizuri, aliye nje anajiona mwenyewe kama kwenye kioo cha kuchania nywele.

Nikaulizana na fundi. Nikaulizana na wadogo zangu kwenye group la familia. Nikaulizana na nyie humu, uzi wangu ule upo bado, wengine mlichangia na nawashukuru.

Mama nilimpa taarifa. Taarifa na kuuliza ni vitu viwili tofauti, nimejifunza nikiwa na umri huu.

Nilimpigia nikamwambia, mama, tunakuja kukubadilishia madirisha, ya kisasa. Akauliza swali moja tu.

"Litafunguka kwa nje?"

Nikacheka. Nikamwambia mama, hayo ya kufungua kwa nje yamepitwa na wakati, hili linateleza pembeni, kidole kimoja tu.

Akasema, "Haya, mwanangu."

Wakuu, wenye mama wa Kizaramo mnaijua hiyo "haya". Siyo ndiyo. Ni mtu mzima ameona hutamsikiliza na hataki kugombana na mtoto wake kwenye simu. Mimi nimezaliwa nayo, naijua vizuri, na siku ile niliipita.

Siku ya kufunga nilikuwepo. Fundi alifanya kazi safi, sina neno naye. Fremu nyeupe, wavu wa mbu, vioo vinameta. Chole nzima ya upande wetu ilikuja kuangalia. Kina mama walikuwa wanajitazama kwenye kioo cha dirisha la chumbani, wanafunga vilemba upya, wanachekana. Nikapiga picha nikatuma kwenye group, wadogo zangu wakanimwagia makofi. Nilitembea pale uani nimejaa, mnisamehe.

Shangazi Tatu akaomba zile mbao za zamani.

Shangazi Tatu ni dada yake baba, nyumba yake na ya mama zinatazamana, njia tu inazitenga. Yeye na mama ni mawifi wa zamani sana na ni watani wakubwa. Akasema anataka mbao akafanye mlango wa banda la mbuzi. Nikampa zote, sikufikiria mara mbili.

Wakati naondoka nikamwachia mama masharti. Mama, usilifungue ovyo, vumbi likiingia kwenye reli litakuja kukwama. Feni hii hapa, umeme upo, joto halitakusumbua. Mama, ukilala lifunge, ukiamka liache hivyo hivyo, mwanga unaingia.

Akasema haya.

Sasa niwaeleze kitu ambacho wengi wenu mliokulia mjini hamkijui, na ambacho mimi nilikijua nikakisahau. Kujua halafu ukasahau, hicho ndicho kinachoniuma.

Kule kwetu mtu mzima anayeishi peke yake, hasa mama, akishaswali alfajiri anafungua dirisha la chumbani. Anazisukuma zile mbao zinagonga ukuta, pa, pa. Ule mlio majirani wanausikia. Anayepita na ndoo akiona mbao zimekaa ukutani anajua bibi kaamka, anatupa salamu, anajibiwa, anaendelea na safari yake. Akikuta limefungwa na jua limeshatoka, hapiti. Anabisha hodi. Akiona kimya anaita mwenzake.

Hakuna aliyekaa akalitunga hilo kwenye mkutano. Ndivyo watu wanavyoishi. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo nimeshatumwa, "Hebu kamwangalie bibi yule, dirisha lake bado."

Na shangazi Tatu alikuwa na salamu yake maalumu. Kila asubuhi akisikia pa, pa, anatoka mlangoni kwake anapaza sauti:

"Wifi, hujafa?"

Na mama anajibu kupitia nondo:

"Nife nikuachie nani unisengenye? Tangulia wewe mkubwa."

Hapo ndipo siku inaanza. Sisi watoto tulikuwa tunaamka kwa ule utani. Mume wangu mara ya kwanza kwenda ukweni alipousikia alishtuka, yeye ni mtu wa bara, akaniuliza kama kuna ugomvi.

Dirisha langu la kidole kimoja halina mlio. Kioo changu kinamwonyesha mpita njia sura yake mwenyewe. Na kelele, kama nilivyosema, hazipiti.

Mwanzoni watu walikuwa wanasimama wanakisalimia kioo. Mama anaitikia ndani, nje hawasikii. Wakisubiri kidogo wanakwenda zao. Wengine wakadhani bado kalala, wengine wakadhani nimemchukua nimekuja naye Kibaha. Watu wana mashamba yao, hawawezi kukaa kuongea na kioo. Ikaisha polepole, bila mtu kuamua.

Shangazi naye akawa anasubiri mama atoke nje ndipo wataniane. Siku zingine wanaonana, siku zingine yeye ameshaenda shamba.

Mama aliniambia, jamani. Kwenye simu aliniambia kabisa, "Watu siku hizi hawasalimii."

Nikamjibu nini? Nikamwambia, "Msimu wa korosho huu mama, watu wana kazi." Nikaendelea kumuuliza kama mbu wamepungua. Akasema wamepungua. Na kweli walikuwa wamepungua, homa hakupata tena.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida tu. Mama aliamka, akatoka uani kutia udhu, akarudi, akaswali. Alipoinuka kwenye mswala upande wa kushoto ukakataa. Akaanguka kati ya kitanda na dirisha. Presha alikuwa nayo, dawa anakunywa, ila ndiyo hivyo, ilikuwa kiharusi.

Simu ilikuwa sebuleni kwenye chaji.

Haya ninayoandika sasa alinisimulia mwenyewe baadaye, kidogo kidogo, kwa sababu mdomo ulikuwa bado mzito.

Anasema akili yake ilikuwepo. Alikuwa amelala pale chini kichwa kimeinuka kidogo kwenye mguu wa kitanda, anatazama dirishani. Kule kwetu madirisha yapo chini, unakaa kitandani unaona njia. Aliona kukipambazuka. Aliona wenye ndoo wakipita. Aliona watoto wa shule. Anawajua wote kwa majina, akawa anawaita mmoja mmoja. Sauti inatoka kama ya mtu mwenye tonge mdomoni.

Halafu akamwona shangazi Tatu akitoka kwake na jembe begani.

Shangazi akavuka njia. Akaja hadi dirishani, mama anasema wangekuwa wamenyoosha mikono wangeshikana. Mama akasema moyoni, huyu kaniona. Akajitahidi kuita wifi.

Shangazi akasimama pale. Akaweka jembe chini. Akajitazama, akafungua kilemba, akakifunga vizuri, akageuza shavu huku na huku. Akachukua jembe lake akaenda shamba.

Nimelazimika kusimama hapo nikanywe maji. Samahanini.

Shangazi alirudi jua likiwa limeshapanda sana. Kilichomshtua ni kuku wa mama, walikuwa wanalia bandani hawajafunguliwa. Mama hajawahi kuwachelewesha kuku wake. Akazunguka uani, mlango wa nyuma ulikuwa wazi tangu mama alipotoka kutia udhu, akaingia anaita.

Majirani walifanya kila kitu. Wakatafuta gari, wakampeleka zahanati, akaandikiwa kwenda mbele, mimi nikakutana nao Kisarawe mjini nikiwa bado na kitambulisho cha ofisi shingoni. Waliomhudumia sina lawama nao hata kidogo. Ila daktari mmoja aliniuliza ameanza saa ngapi, nikamwambia tangu alfajiri. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Angefika mapema tungekuwa na nafasi nzuri zaidi." Alilisema kwa upole sana. Afadhali angenifokea.

Mama yuko hai. Nashukuru Mungu kwa hilo kila siku, wala msidhani sishukuru. Ila mkono wa kushoto haufanyi kazi, mguu anauburuta, na yule mama aliyekuwa analima, anafuga na kutaniana na njia nzima sasa anakaa kwangu Picha ya Ndege, kwenye chumba cha pili, anasubiri nirudi kazini.

Shangazi Tatu alikuja kumwona. Mimi nilikuwa nimemkasirikia, siwafichi. Nilikuwa natafuta mtu wa kumkasirikia. Nikamkuta jikoni kwangu amekaa kwenye kigoda, kanga imemfunika uso, analia bila sauti.

Akaniambia, "Nilijitazama, mwanangu. Nilisimama pale nikajitazama."

Kioo kile nimekichagua mimi. Yeye alifanya kile ambacho kioo kinamfanya mtu yeyote afanye.

Nikamwambia, shangazi, siyo wewe. Sijui kama alinisikia.

Tangu siku ile anapiga simu kila asubuhi, bila kukosa. Namwekea mama simu sikioni. Na shangazi anamsalimia kwa adabu kama anaongea na mama mkwe. "Wifi, umeamkaje? Mkono unaendeleaje? Mungu atakujalia." Mama anaitikia, simu inakatwa, halafu anageukia ukutani.

Nilidhani ni maumivu. Nikawa namuuliza kila siku, mama unaumwa wapi, anatikisa kichwa.

Juzi ndiyo akasema. Alichukua muda kuyapanga maneno, nikasubiri.

"Mwambie Tatu aniulize vizuri."

Nikamuuliza, vizuri vipi mama? Anakuuliza vizuri tu, kila siku anakuombea.

Akaniangalia kama ananionea huruma. "Aniulize kama nimekufa."

Nililia, wakuu. Nililia mbele yake, kitu ambacho nilijikataza tangu hospitali.

Hapa kwangu ameshajaribu. Nikimkalisha dirishani asubuhi anauinua mkono wa kulia anasukuma kioo kwa nje. Namwambia mama, hili halifunguki kwa nje, linateleza. Anasema, "Najua. Mkono ndio haujui." Na kesho yake anasukuma tena. Huko nje watu wa Picha ya Ndege wanakimbilia magari, hakuna anayegeuza shingo. Siwalaumu, hata mimi jirani yangu wa nyuma ya ukuta simjui amekula nini jana.

Sasa anataka kurudi kwake. Daktari anasema mazoezi yakienda vizuri, na akipata mtu wa kukaa naye, inawezekana. Binti wa mdogo wangu amekubali kwenda kukaa. Shangazi nilimwambia hilo, baadaye mpwa mmoja akanitumia picha. Zile mbao za dirisha la chumbani zimetolewa kwenye banda la mbuzi, zimesuguliwa, zimeegemezwa kwenye ukuta wa mama. Mbuzi wenyewe amewafungia na mabati.

Basi somo langu ni hili, na nalisema kwa lugha nyepesi. Fiberglass haina kosa. Kama unajenga, weka, utaishi nayo vizuri. Lakini kama ni nyumba ya mzazi, kabla hujasoma nyuzi, kabla hujapima, kabla hujachagua kioo cha giza au cha mwanga, kaa naye asubuhi moja. Angalia dirisha lake analifanyia nini. Na akikuuliza swali usilolielewa, usicheke. Muulize, "Kwa nini mama?" Mimi maneno hayo matatu yalinishinda.

Naomba mafundi mliomo humu mnisaidie: inawezekana kutoa ile ya kuteleza, nikabakiza wavu kwa ndani, nikarudisha mbao za kufunguka kwa nje juu ya fremu hiyo hiyo ya faiba bila kuvunja ukuta? Bawaba zake zitashika? Nataka zikisukumwa zigonge ukuta. Nataka ule mlio.

Shangazi nilimpa ujumbe wa mama jana kwenye simu. Asubuhi ya leo akapiga, nikamwekea mama simu sikioni nikasogea pembeni.

Nikasikia, kwa mbali, sauti inatetemeka: "Wifi, hujafa?"

Mama alipambana na ule mdomo wake. Neno lilitoka moja tu la lile jibu lake la zamani, nusu yake.

"Tangu..."

Shangazi akacheka huko, akalia huko huko.

Na nyie wengine, kama una mzazi anayeishi peke yake, niandikie hapa chini hata mstari mmoja: asubuhi akiamka, jirani anajuaje?